Ukuta wa Baba Amondi

Walipomaliza kumzika Owiti kwao Nyakach, mkewe Akeyo alikaa na shemeji zake mpaka shughuli zote za matanga zikaisha, kisha akafunga virago arudi Silibwet, Bomet. Opiyo, kaka mkubwa wa marehemu, alimsindikiza mpaka barabarani, na uso wake ulionyesha wazi kwamba hakuridhika.

"Sasa unarudi huko kwa nani?" akamwuliza.

"Narudi kwangu."

"Kwako ni hapa. Mume wako yuko hapa."

Akeyo aliinua mzigo wake, akapanda matatu. Jioni ile ile alifungua mlango wa nyumba yake, akaikuta inanuka vumbi la chai kavu, ile harufu ambayo Owiti alikuwa akirudi nayo kila siku kutoka kazini. Alisimama mlangoni na mzigo mkononi, asijue aingie chumba kipi kwanza.

Nyumba hiyo waliijenga wenyewe, chumba baada ya chumba, miaka yote ambayo Owiti alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai. Pande tatu palikuwa na mashamba ya majirani, chai tupu, kijani kibichi kilichoteremka hadi mtoni. Majirani walikuwa Wakipsigis, watu wema, wa kukuachia maziwa mlangoni ng'ombe wao akizaa. Lakini Akeyo alijua Kipsigis cha sokoni tu, cha kusalimiana na kununua mursik, yale maziwa yao ya kibuyu, na mazungumzo yakipita hapo alibaki anatabasamu kama mgeni. Owiti ndiye aliyeijua lugha yao. Owiti ndiye waliyekuwa wakimjia.

Binti yao wa pekee, Amondi, alikuwa akifanya kazi hotelini Mombasa. Kila Jumapili alipiga simu. "Mama, umekula?" huuliza. "Nimekula." "Mvua inanyesha?" "Inanyesha." Halafu mtu angemwita huko kazini, na simu ingekatika.

Siku za kazi Akeyo alishona. Alikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu, akishona sare za shule na kuziba viwiko vya sweta za watoto. Wateja walileta, wakachukua, wakaenda. Saa kumi mvua ilishuka kama ilivyo desturi ya huko, mara nyingine na mawe yake, ikapiga paa hata mtu asingeweza kusikia fikra zake. Mvua ikipita, ukimya ulirudi mzito kuliko ulivyokuwa.

Jiko lilikuwa peke yake nyuma ya nyumba. Lilikuwa la mabati matupu, yamepigiliwa kwenye nguzo za mbao juu ya msingi wa mawe na simiti. Ukuta wake wa upande wa bondeni ulikuwa na bonyeo dogo usawa wa mabega ya mtu mrefu, kwa sababu hapo ndipo Owiti alikuwa akiegemea jioni akitoka kiwandani, redio kwapani, akiitazama chai ikiingia ukungu. Na mwezi wake wa mwisho wa kuwa na nguvu, pumzi ikiwa tayari imeanza kumpiga chenga, alitoa waya kwenye nyumba kubwa, akatoboa tundu katika ukuta huo huo, akampelekea mkewe balbu moja na soketi moja. "Umepika na koroboi miaka mingi, Mama Amondi," alimwambia. "Sasa pika ukiona." Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho. Baada ya hapo alilala, na hakuamka tena kwa kazi yoyote.

Mwaka ukapita, ukaingia wa pili.

Jioni moja ya mwezi wa nne, mvua ikiwa imetoka kukatika, Akeyo alikuwa akirudi kufungia kuku. Kandambili moja ikanaswa na tope, ukanda ukakatika. Akaivua na ile nyingine, akatembea miguu mitupu, na alipofika kwenye kona ya jiko akateleza. Akanyoosha mkono kushika ukuta asianguke.

Kitu kikamtembea kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Kilikuwa chembamba, laini, kama siafu wanaopita juu ya ngozi bila kuuma. Akautoa mkono. Akautazama. Mbele yake palikuwa na lile bonyeo la mabega.

"Baba Amondi?" akasema.

Hakuna aliyejibu, ila maji yaliyodondoka kutoka kwenye paa. Akarudisha mkono polepole, mgongo wa vidole kwanza. Kile kitu kikamjia tena, kikatetemeka katika mifupa ya mkono wake kama sauti ya mtu anayeongea chumba cha pili, unayemsikia bila kushika maneno. Akeyo alisimama hapo mpaka miguu ikafa ganzi kwa baridi. Alipoingia ndani alikuwa analia, na alipokuwa akilia alijisikia mwepesi kuliko siku yoyote tangu mazishi.

Kesho yake alirudi. Na kesho kutwa.

Ikawa ndiyo desturi yake. Jua likianza kuzama, hufunika cherehani, huvua viatu mlangoni, hupita uani miguu mitupu na kusimama penye ukuta. Humweleza mumewe habari za siku: nani ameleta sare, kuku gani anatamia, Amondi amesema nini. Mgongo wa vidole vyake ukiwa pale, na ule mtetemo ukimpitia, hakuwa peke yake.

Akeyo hakuwa mjinga. Aliishi na fundi miaka mingi, na maneno ya stima hayakuwa mageni masikioni mwake. Aligundua kwamba akivaa kandambili ukuta huwa kimya, akizivua unasema. Aligundua kwamba wiki ya jua kali Owiti huwa mbali, na wiki ya mvua huwa karibu. Na jioni moja, stima ilipopotea kijiji kizima, alikwenda ukutani akakuta bati tu, baridi, bubu. Alirudi kitandani na moyo mzito kama aliyefiwa upya. Stima iliporudi asubuhi, alitoka nje kabla hata ya kuwasha moto, akagusa, akakuta kimerudi. Akapumua. Alijua maana ya jambo hilo, na papo hapo akakataa kulijua. Aliliweka mahali ambapo mtu huweka mambo ya namna hiyo, akaendelea kuvua viatu.

Wakati huo jirani pekee aliyekuwa akimtembelea ni Mellen, mama wa Kisii aliyekuwa akichuma chai katika mashamba ya hapo karibu na kupanga chumba ng'ambo ya ua. Naye alikuwa peke yake. Binti yake Bitutu alikuwa ameolewa mbali, Fort Ternan. Mellen alipenda kupita jioni, mgongo ukimuuma kwa kubeba majani, wakanywa chai na Akeyo, wakazungumza Kiswahili chao cha watu wawili waliotoka kwingine. Lakini tangu ukuta uanze kusema, Akeyo alianza kumwona Mellen kama mtu anayekula saa zake. Alimjibu kwa mkato. Alimwachia kikombe kipoe.

"Mama Amondi, kwani uko na haraka?" Mellen akamwuliza siku moja.

"Niko na kazi kidogo huko jikoni."

"Si nikusaidie?"

"Hapana, Mama Bitutu. Ni kazi ya mtu mmoja."

Mellen alimaliza chai yake, akaaga. Akapunguza kuja.

Ikafika Jumamosi moja ya mwezi wa tano. Upepo ulikuwa umekitikisa kijiji tangu asubuhi, mabati ya jiko yakigongana, na mchana mvua ikamwagika kwa hasira. Mellen alikuwa akitoka mtoni na ndoo ya maji kichwani. Akaona hawezi kufika kwake, akakatiza uani kwa Akeyo ajikinge chini ya paa la jiko. Gambuti zake za mpira zilikuwa zimejaa maji, hivyo alikuwa amezivua na kuzibeba mkononi. Akeyo alikuwa dirishani na sindano kinywani. Alimwona akija mbio. Aliona mkono wake wa kulia ukinyooshwa kuelekea ukutani, na kabla haujafika, Akeyo alikwisha inuka.

Sauti aliyoitoa Mellen haikuwa ya mtu mzima. Ilikuwa fupi, kisha ikakatwa. Ndoo ikaanguka. Mellen akabaki amesimama, mkono umeganda kwenye bati, mwili wote unamtetemeka, macho wazi yakimtazama Akeyo bila kumwona.

Akeyo alikuwa amekwisha fika uani, mikono imenyooshwa kumvuta. Hatua moja zaidi angemshika. Hakujua kilichomgeuza. Pengine ni maneno ya Owiti aliyoyasikia mara mia akiwasimulia wenzake wa kiwandani: aliyeshikwa na stima usimshike, zima kwanza. Akageuka, akaanguka kwenye tope, akainuka, akaingia nyumba kubwa na kuivuta chini swichi kuu iliyo juu ya mlango.

Aliporudi, Mellen alikuwa amelala chini kwenye matope, mvua inampiga usoni.

"Mama Bitutu! Mellen! Mellen!"

Mellen akavuta pumzi. Akakohoa. Akaanza kulia polepole kama mtoto aliyechoka. Katika kiganja chake ngozi ilikuwa imegeuka nyeupe na kahawia, kama ukoko wa ugali.

Mathew, jirani Mkipsigis mwenye gari la kubebea majani, aliwapeleka hospitali ya Longisa. Njia nzima Akeyo alikishikilia kichwa cha Mellen mapajani. Daktari alisema moyo uko sawa, lakini alale hapo wamwangalie, na mkono utachukua muda. "Ana bahati," daktari akasema. "Aliyezima stima amemwokoa." Akainua macho. "Ni wewe, mama?"

Akeyo aliitikia kwa kichwa. Hakuweza kumtazama.

Jumatatu asubuhi alipiga simu katika duka la vifaa vya stima pale Silibwet, akaomba fundi. Akaja mwanamke wa miaka thelathini hivi, kofia ya sufu kichwani, begi la vyombo begani. Aliitwa Lynn. Babu yake alikuja kutoka Murang'a kufanya biashara Bomet, na yeye alisomea kazi ya umeme chuoni, akawa ndiye fundi wa duka la familia.

"Mama, nani ameguswa?" aliuliza hata kabla hajaketi.

Akeyo alimweleza. Lynn alirudisha swichi kuu juu, akaenda jikoni amevaa gambuti, akatoa testa kama kalamu na kuigusisha kwenye bati. Taa ndogo ndani ya testa ikawaka. Akagusa bati la pili, la tatu. Kila mara ikawaka. Akarudi, akazima tena, akapanda kwenye kiti mpaka penye tundu la waya. Alikaa hapo kidogo akichungulia kwa tochi.

"Njoo uone."

Akeyo akavuta kiti kingine, akapanda. Waya mweupe uliingia kwenye tundu la bati, na pale ulipopinda, mpira wake ulikuwa umelika kabisa. Shaba iling'aa ndani, imegusana na ukingo wa bati.

"Upepo ukitikisa bati, bati inasugua waya," Lynn akasema. "Mwanzo inalika kidogo, mvua ikinyesha unyevu unapitisha stima kidogo. Halafu juzi ikafika kwa shaba yenyewe."

"Kwa hivyo aliyefunga alikosea."

Lynn aliangalia tena, akafuata waya kwa macho kutoka nyumba kubwa, vibanio vilivyopangwa sawasawa, umbali ule ule kutoka kimoja hadi kingine. "Huyu alikuwa na mkono mzuri. Kazi safi. Alisahau tu kuvalisha hii tundu kipande cha mpira. Ni kitu kidogo sana. Ni nani?"

"Mume wangu. Alikuwa mgonjwa."

"Pole, Mama."

"Hakuwa mtu wa kusahau," Akeyo akasema, kwa ukali kuliko alivyokusudia. "Alikuwa mgonjwa."

Lynn alishuka kwenye kiti, akamtazama huyu mama aliyekuwa amekunja mikono kifuani. Labda aliona kwamba kinachotakiwa kwanza hakikuwa koleo. Aliomba chai, wakaketi sebuleni, na Akeyo akamwuliza jambo ambalo lilikuwa limemkaa moyoni.

"Hebu niambie. Hiyo kitu yenyewe ni nini?"

"Stima?"

"Ndiyo. Nimeishi na fundi, nimesikia majina yake. Lakini yenyewe ni nini?"

Lynn alifungua begi lake, akatoa betri ya tochi, kibalbu na kipande cha waya. Akaviweka juu ya kitambaa cha sare kilichokuwa mezani.

"Ndani ya huu waya kuna vitu vidogo sana, jicho haliwezi kuona. Tunaita chaji. Ziko humo sasa hivi, hata kabla sijaunganisha, kama maji yamejaa kwa paipu lakini yamesimama. Betri haizitengenezi. Betri inazisukuma." Akaunganisha ncha moja ya waya chini ya betri na nyingine kwenye ubavu wa kibalbu. Hakikuwaka. "Unaona? Njia haijakamilika. Ukisukuma huku na hakuna pa kutokea, hakuna kitu kinaenda." Akakisimamisha kitako cha kibalbu juu ya betri. Kikawaka. "Sasa zinazunguka. Zinatoka hapa juu, zinapita kwa balbu, zinarudi huku chini. Hiyo mzunguko ndio saketi." Akaachanisha waya, mwanga ukafa. "Kata mahali popote, zote zinasimama pamoja."

Akeyo alichukua vile vitu mikononi mwake. Alijaribu, akakosea, akajaribu tena mpaka mwanga ukaja. Ukamwangaza kwenye kucha.

"Sweta za watoto," akasema, "mwezi wa kwanza kukiwa kukavu, zinaniruka cheche nikizikunja. Ni hiyo hiyo?"

"Ni chaji hiyo hiyo. Lakini ya sweta ni kidogo imejikusanya kwa kusuguana. Ikiruka, imeisha. Hii ya laini haiishi, kwa sababu huko nyuma kuna mtambo unasukuma mchana na usiku."

"Na ukuta?"

"Laivu, ile waya iko na stima, iligusa bati, basi ukuta wote ukawa kama waya. Lakini iko juu ya mbao na mawe, hakuna njia nzuri ya kurudi. Kwa hivyo hata swichi haikujua kuna shida. Ilikuwa inangoja. Mtu akigusa na miguu kwa udongo, yeye ndio anamalizia njia. Stima inaingia kwa mkono, inapita kwa mwili, inatoka kwa miguu, inarudi kwa ardhi mpaka kwa ile transfoma ya barabarani. Hiyo ndiyo safari yake yote."

"Na akivaa kandambili?"

"Mpira unazuia, hatasikia sana." Lynn akaweka kikombe chini. Akamtazama vizuri. "Mama, kwa nini unauliza kandambili?"

Akeyo aliendelea kushika kile kibalbu juu ya betri, kikiwaka. Nje kuku alikuwa akiita vifaranga.

"Kwa hivyo haichagui mtu," akasema hatimaye.

"Haichagui. Haijui mtu. Inafuata njia tu."

Akeyo aliachia waya. Mwanga ukazimika, naye akavirudisha vitu vyote mbele ya Lynn, kimoja kimoja, kwa utaratibu, kama mtu anayerudisha vyombo vya kuazima.

Lynn alifanya kazi mpaka jioni. Alikata ule waya wa zamani, akapitisha mpya ndani ya paipu ya plastiki, akalivalisha tundu mpira mzito. Alipigilia fimbo ya shaba ardhini, akaifunga kwa waya kwenye mabati, ili stima ikitoroka tena ipate njia yake yenyewe bila kungoja mtu. Juu ya mlango aliweka swichi mpya, ya kujikata yenyewe ikihisi stima inavuja. Akajaribu kila kitu, akawasha, akagusisha testa ukutani. Haikuwaka.

"Waya hii ya zamani nikuachie?"

Akeyo aliutazama ulivyokunjwa sakafuni, mweupe, na vumbi la miaka miwili. "Enda nayo," akasema.

Lynn alipokwenda, jua lilikuwa linazama. Akeyo alivua viatu. Hakuwa ameamua kuvivua, miguu ilijitoa yenyewe. Alivuka ua, akasimama penye lile bonyeo la mabega, akaweka mgongo wa vidole, kisha kiganja kizima, kisha akaegemeza shavu. Lilikuwa bati. Lilikuwa na unyevu na lilinuka kutu. Alisimama hapo mpaka ukungu ukapanda kutoka mtoni na kuufunika mstari wa mwisho wa chai, lakini hakuongea, kwa sababu hakujua tena aongee na nani.

Mellen alirudi kutoka hospitali Jumatano, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kifundo. Akeyo alimpelekea uji. Mellen aliupokea kwa mkono wa kushoto, akauweka kando bila kuunywa.

"Mama Amondi, hospitali nimekuwa na muda wa kufikiria," akasema. "Siku zile nilipunguza kuja kwako, nilikuwa nakuona kwa dirisha langu, jioni. Unatoa viatu unasimama kwa ile ukuta. Nikasema labda anaomba. Sasa nataka uniambie. Ulijua?"

Akeyo alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua ina stima."

"Nilijua na sikutaka kujua. Nilidhani ni yeye."

Hasira ilimpanda Mellen usoni, ikakosa pa kwenda, ikabaki hapo. "Mimi ni mtu wa kuchuma chai," akasema. "Nachuma na hii mkono. Enda kwako."

Akeyo akaenda.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko za baada ya mazishi. Wakati ule nyumba ilikuwa imejaa marehemu, kila kitu kikimtaja. Sasa haikuwa na mtu, wala aliye hai wala aliyekufa. Akeyo alishona. Jioni alifungia kuku, akapita penye ukuta bila kugeuka, akapika chini ya balbu iliyowaka vizuri, akala nusu. Amondi alipopiga simu na kuuliza kama amekula, alisema amekula. Mara nyingine alishika ile simu sikioni hata baada ya kukatika.

Kutoka dirishani aliuona mlango wa Mellen. Alimwona akijaribu kufua kwa mkono mmoja, akikandamiza shuka na goti kwenye karai, akiisugua kwa kushoto, ikimtoroka. Siku ya kwanza Akeyo aliangalia pembeni. Siku ya pili aliacha cherehani, akavuka ua, akachuchumaa ng'ambo ya karai. Alivuta shuka upande wake akaanza kufua. Mellen aliinua macho, akafungua mdomo kama anayetaka kumfukuza. Akaufunga. Akainuka, akaingia ndani, akamwacha nje na nguo.

Akeyo alizifua zote, akazianika, akarudi kwake.

Ikaendelea hivyo. Alifua, alichota maji, alipasua kuni. Mellen hakumshukuru na hakumfukuza. Walikaa mita chache mmoja kutoka kwa mwingine, asubuhi nzima, bila neno, na Akeyo aligundua kwamba kimya cha watu wawili si kama cha mmoja, hata kama mmoja wao amekasirika.

Mwezi wa saba, baridi ikiwa kali na ukungu ukikaa mpaka saa nne, bandeji ilitolewa. Kovu lilivuta vidole viwili kwa ndani. Mellen alikuwa akivifanyisha mazoezi kwa kuokota maharagwe mezani, moja moja. Akeyo alikuwa amepiga magoti akichochea moto wa Mellen, maana kuni zilikuwa mbichi na moshi ulijaa chumba.

"Hiyo mtu yako," Mellen akasema nyuma yake, kwa ghafla. "Owiti. Nilihamia hapa akiwa amelala tayari. Sikumjua. Alikuwa mtu wa aina gani?"

Akeyo alibaki na mdomo ulioviringwa wa kupuliza moto. Tangu mazishi hakuna aliyemwuliza swali hilo. Walimwuliza ameacha nini, atakaa wapi, ana mpango gani. Alitafuta jambo kubwa la kusema kuhusu mumewe, la kumfanya mtu huyu aelewe, akalikosa.

"Alikuwa mtu wa kuimba vibaya," akasema.

"Vibaya namna gani?"

"Vibaya kabisa. Kanisani watu walikuwa wanahama benchi. Na hakujua. Alikuwa anafikiri wanampisha."

Mellen hakucheka, lakini vidole vyake viliacha kuokota maharagwe. "Endelea," akasema.

Akeyo alipuliza moto mpaka ukashika, akajipangusa macho kwa sababu ya moshi, akageuka na kuketi sakafuni. Akaendelea. Alieleza habari za redio, na za siku walipohamia Silibwet bila hata godoro, na namna Owiti alivyojifunza Kipsigis kwa kubishana na wauza mbuzi kule Mulot. Uji ulichemka, wakaunywa. Mellen alishika kikombe kwa mkono wa kulia, akikibana kwa shida, akakiinua bila kumwaga.

Mchana ulipofika kila mtu alirudi kwenye kazi yake. Akeyo alivuka ua peke yake, akafungua mlango, akasimama kidogo kizingitini. Ndani palikuwa kimya kama jana. Aliingia chumba cha kushonea, akachukua sweta ya mtoto wa darasa la pili iliyotoboka kiwiko, akatafuta uzi wa rangi yake.